Horsley, daktari aliyethubutu kuufungua uti wa mgongo

JUNI 9, 1887, katika hospitali ya magonjwa ya mishipa ya fahamu iliyoko Queen Square, London, Victor Horsley alimpasua mgongo kapteni mmoja ambaye miguu yake ilikuwa imekwisha kupooza. Daktari huyo alikuwa na umri wa miaka 30 tu.

Miale ya eksirei ilikuwa haijajulikana. Iligunduliwa mwaka 1895. Tabibu mwenzake, William Gowers, alikisia mahali palipo na uvimbe kwa kupima sehemu za mwili zilizokufa ganzi. Mgongo ulipofunguliwa, hakikuonekana kitu. Kufunga kidonda wakati huo kungekuwa sawa na kumhukumu mgonjwa. Wakaondoa mfupa zaidi kwa upande wa juu, na hapo uvimbe ukajitokeza, ukiwa umeukandamiza uti. Ulitolewa, na kapteni huyo akatembea tena. Ilikuwa mara ya kwanza duniani uvimbe wa uti wa mgongo kutambuliwa na kuondolewa kwa mafanikio.

Horsley, mtoto wa mchoraji, alizaliwa Kensington Aprili 14, 1857. Ushujaa wake unasifiwa mno, lakini kwa maoni yetu sifa kubwa zaidi ni uangalifu wake. Alijua kwamba kisu kinaweza kuponya na maradhi ya baadaye yakaua. Hivyo alishika mafundisho ya Joseph Lister ya kuua viini vya maradhi kwa dawa ya kaboliki. Alijivutisha mwenyewe dawa za usingizi ili azijue, kisha akapendelea klorofomu kuliko etha, akiamini kuwa etha huzidisha damu.

Damu ya mfupani ndiyo iliyokuwa adui mgumu, kwani mfupa haufungiki kwa uzi. Mwaka 1892 alieleza nta yake: nta ya nyuki, mafuta ya lozi na asidi ya salisiliki kidogo, inayosiliba matundu ya mfupa. Nta ya namna hiyo ingali inatumika katika vyumba vya upasuaji.

Alipewa cheo cha Sir mwaka 1902. Alipinga pombe kwa ukali, akatetea wanawake wapige kura, na akachukiwa na waliopinga majaribio yake kwa wanyama.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka alijitolea kutibu askari. Julai 16, 1916 joto kali lilimuua huko Amara, Iraki ya leo, akiwa na umri wa miaka 59. Alizikwa huko huko.