Roselius: Mfanyabiashara aliyeitenga kafeini na kahawa

WAKULIMA wa pareto wa Mbeya na Iringa wanajua kuwa ua wanalolikausha limebeba bidhaa nyingine ndani yake. Kiwanda cha Mafinga hukamua sumu ya kuua wadudu iliyomo kwenye maua, na sumu hiyo ndiyo inayotafutwa sokoni.

Kahawa ya Rungwe na Mbeya Vijijini nayo ina kitu cha namna hiyo: kafeini, ile inayomkosesha mnywaji usingizi. Aliyefungua biashara kubwa ya kahawa isiyo na kafeini ni Mjerumani, Ludwig Roselius.

Roselius alizaliwa Juni 2, 1874 katika mji wa bandari wa Bremen. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa kahawa, naye akaifuata kazi hiyo. Mwaka 1902 baba alifariki kabla ya kufika uzee. Roselius aliamini kuwa kahawa nyingi aliyoinywa ndiyo iliyomuua.

Inasimuliwa kuwa muda mfupi baadaye shehena yake ya kahawa ililowa maji ya bahari melini. Badala ya kuhesabu hasara na kuitupa, aliwapa wataalamu waipime. Wakakuta kafeini imepungua, lakini ladha imebaki kwa kiasi kikubwa.

Roselius na wenzake wakabuni njia ya kiwandani. Punje mbichi zilivimbishwa kwa mvuke, kisha kafeini ikaondolewa kwa kemikali ya benzini. Mwaka 1906 alianzisha kampuni ya Kaffee HAG, na kahawa yake ikaenea Ulaya na Marekani.

Hata hivyo, mambo hayakumnyookea daima. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Serikali ya Marekani ilitwaa kampuni yake ya huko kama mali ya adui. Hakukata tamaa. Mwaka 1923 alirudi katika soko hilo kwa jina jipya, Sanka.

Historia yake ina doa pia. Alimuunga mkono Hitler, ingawa mwaka 1936 Hitler mwenyewe aliyashutumu hadharani majengo ya mtaa ambao Roselius aliujenga Bremen. Alifariki Mei 15, 1943.

Benzini nayo ilikuja kufahamika kuwa husababisha saratani ya damu, ikaachwa. Mwaka 1967 mtaalamu Kurt Zosel, katika mji wa Mülheim, Ujerumani, aligundua njia ya kutumia kabonidayoksaidi, gesi ile ile inayofanya soda itoe povu. Mwishoni mwa miaka ya 1970, kiwanda cha Kaffee HAG kiliingia katika njia hiyo.

Kahawa mbichi huloweshwa na kuingizwa kwenye mtungi mkubwa wa chuma. Gesi hushindiliwa kwa shinikizo linalozidi mara 73 ya lile la hewa tunayovuta, katika joto linalozidi nyuzi 31. Hapo hupenya ndani ya punje kama gesi na kuyeyusha kafeini kama kimiminika, huku ikiacha sehemu kubwa ya ladha.

Kafeini huchujwa kwa maji au mkaa maalumu, na gesi hutumika tena. Punje hukaushwa, tayari kwa kukaangwa. Tani moja ya arabika ina takriban kilo 12 za kafeini, ambayo huuzwa kwa viwanda vya soda na vya dawa. Hivyo mwenye mtungi hupata bidhaa mbili kutoka gunia moja.

Gesi yenyewe si ngeni Nyanda za Juu Kusini. Huko Rungwe hutoka ardhini, na kampuni ya TOL Gases huivuna na kuviuzia viwanda vya vinywaji. Kinachohitajika zaidi ni mitungi ya shinikizo kubwa, ambayo ni ghali na hulipa tu inaposhughulikia kahawa nyingi.

Mkulima asidanganyike kulowesha kahawa yake kwenye maji ya chumvi. Hataondoa kafeini ya kutosha, na ataharibu kahawa. La kujifunza kwa Roselius ni kupima kabla ya kutupa, na kujua kilichomo ndani ya gunia kabla ya kulipangia bei. Asiyejua huuza vitu viwili kwa bei ya kimoja.