Sabbatai Zevi, Aliyedai Kuwa Masihi

Mayahudi walioshika itikadi yao ya asili wamngoja Masihi wa ukoo wa Nabii Daudi, mfalme atakayewakusanya kutoka uhamishoni na kulisimamisha tena hekalu. Kwao wao hajaja bado. Manasara wasema amekwisha kuja, naye ni Isa, na kwamba atarejea. Sisi Waislamu twaitakidi kwamba Masihi ni Isa bin Maryamu, mja wa Mwenyezi Mungu na mtume wake, wala si mwanawe. Basi watu wa dini zote tatu wana jambo walingojalo, na mwenye kungoja sana ni mwepesi wa kughurika. Kwa hivyo tumeona vyema kuwaeleza ndugu zetu maisha ya mtu mmoja ambaye habari zake zina mazingatio makubwa.

Sabbatai Zevi alizaliwa Izmir, katika dola ya Kiothmani, mwaka 1626. Baba yake alikuwa wakili wa wafanyi biashara wa Kizungu, naye mwana akatiwa chuoni akasoma sheria ya Kiyahudi, kisha akazama katika ilimu yao ya siri iitwayo Kabala. Alikuwa mtu wa sura nzuri na sauti ya kupendeza, lakini hali yake haikutulia: mara hujawa na furaha ya ajabu, mara huzuni ikamzidi hata akajitenga na watu.

Mwaka 1648 Mayahudi waliuawa kwa maelfu katika nchi za Poland na Ukraine. Mioyo ilijaa simanzi, na wengi wakaona kwamba dhiki kama hiyo haiwi ila ni dalili ya faraji iliyo karibu. Mwaka huo huo Sabbatai alianza kudai kuwa yeye ndiye Masihi. Wanavyuoni wa Izmir hawakumkubali, na baada ya miaka kadhaa wakamfukuza. Akenda Salonika, akafanya arusi ya kujioza kitabu cha Taurati. Huko nako akafukuzwa, na Istanbul vile vile.

Jambo lake halikupata nguvu mpaka mwaka 1665, alipokutana Gaza na kijana mwenye ilimu aitwaye Nathan. Sabbatai alimwendea kutafuta dawa ya nafsi yake iliyotaabika. Nathan, badala ya kumponya, alimwambia kwamba yeye ni Masihi wa kweli, kisha akaandika barua kuitangaza habari hiyo kila upande. Barua zilifika Halab, Yemen, Venice, Amsterdam na Hamburg. Hata miongoni mwa Manasara wa Uingereza walikuwako waliokuwa wakiungoja mwaka 1666 kwa hesabu zao wenyewe, nao wakazisikiliza habari hizo kwa hamu.

Hapo watu walirukwa na akili. Walifunga saumu hata miili ikadhoofu, wakaacha biashara, wakauza majumba na mali, wakafunga mizigo ya safari ya Baitul Muqaddas. Wanavyuoni wengi waliamini, na wengine walionyamaza walinyamaza kwa kuogopa watu. Huko Hamburg alikuwako mwanachuoni mmoja, Jacob Sasportas, aliyesimama kupinga kwa kalamu yake, akachukiwa sana.

Mapema mwaka 1666 Sabbatai alishika njia ya Istanbul, na wafuasi wake wakitaraji kwamba Sultani atamvulia taji. Serikali ilimkamata, ikamfunga, kisha ikampeleka katika ngome karibu na Gallipoli. Lakini hata kifungo hakikuwazindua watu. Walimiminika kumzuru na zawadi zao, naye akiwa humo akaigeuza siku ya saumu ya msiba wa hekalu kuwa sikukuu.

Tarehe 16 Septemba 1666 alihudhurishwa Edirne, katika kasri la Sultani Mehmed wa Nne. Akahiyarishwa baina ya kufa na kusilimu. Akasilimu, akaitwa Aziz Mehmed Efendi, akapewa cheo cha bawabu wa heshima na mshahara. Baadaye ilionekana kwamba bado yuafuata mambo ya zamani kwa siri, na mwaka 1673 akahamishwa hadi Ulcinj, mji ulioko leo Montenegro, akafa huko mwaka 1676.

Wafuasi wengi walirejea majumbani kwa aibu na umasikini. Wengine walisema kwamba hata kusilimu kwake ni siri katika siri za Masihi. Mwaka 1683 jamaa mamia kadhaa wa Salonika walisilimu kwa dhahiri huku wakificha itikadi yao, na kizazi chao kikajulikana kwa jina la Donme.

Hatuyaelezi haya kuwacheka Mayahudi, kwani walikuwa watu walioumizwa, na mwenye kuzama hushika hata unyasi. Wala hatuoni fahari kwa kusilimu kwa mtu huyu. Dini yetu imekataza mtu kulazimishwa kuiingia, na shahada iliyotolewa kwa khofu ya upanga haikumzidishia Uislamu kitu.

Lakini na tujitazame wenyewe. Wangapi miongoni mwetu humfuata mtu kwa ndoto aliyoota au kwa karama anazosimuliwa, wala hawamwulizi dalili? Na wangapi katika wenye ilimu wajua kwamba jambo fulani ni batili, kisha wanyamaza wasije wakachukiwa? Sabbatai pekee asingeliweza kuwatia watu katika hasara ile. Walimwezesha waliotangaza bila kuhakiki, na waliojua wakanyamaza.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki kuwa ni haki na atupe kuifuata, na atupe ushujaa wa kuisema. Amin.