Lotte Reiniger: Fanani wa Vivuli na Ngano ya Sinderela

Lotte Reiniger alizaliwa Berlin tarehe 2 Juni 1899, wakati Tanga nayo ilikuwa chini ya utawala wa Wajerumani. Jina lake hutajwa kwa nadra katika mijadala ya fasihi simulizi ya Kiswahili, ingawa sanaa yake ina udugu na neno lifahamikalo vyema Nguvumali kama kwingineko pwani: karagosi. Chimbuko la neno hilo ni Karagöz, mchezo wa vivuli wa Waturuki, ambamo maumbo ya ngozi huchezeshwa nyuma ya pazia lenye mwanga.

Tangu utotoni Reiniger alikata maumbo ya watu kwa mkasi. Mwaka 1919 alitengeneza filamu yake ya kwanza, na mwaka 1921 akaolewa na Carl Koch, mshirika wake wa kazi hadi Koch alipofariki mwaka 1963.

Filamu fupi ya Sinderela, kwa Kijerumani Aschenputtel, ilitoka mwaka 1922. Vikaragosi vya karatasi nyeusi, vyenye viungo vilivyofungwa kwa waya, vililazwa juu ya kioo kilichomulikwa kutoka chini. Kila kiungo kikasogezwa kidogo, kisha picha moja ikapigwa. Filamu yaanza kwa mkasi unaomkata mhusika kutoka karatasini. Reiniger hakuilainisha ngano ya ndugu Grimm: dada wa kambo anaukata mguu wake ili kiatu kimtoshe. Kivuli hakina uso wa kulia wala kucheka, hivyo huzuni ya binti yule hubebwa na mgongo na shingo tu. Hapo ndipo ufanani wake unapodhihirika, kwani mtazamaji hulazimika kujaza mwenyewe kilichoachwa, kama afanyavyo msikilizaji wa ngano gizani.

Mwaka 1926 alikamilisha filamu ndefu ya Mwanamfalme Ahmed, iliyotokana na Alfu Lela Ulela. Ilitangulia Snow White ya Walt Disney kwa miaka 11, jambo ambalo wengi wanaomsifu Disney hulisahau.

Kwa kuwa yeye na mumewe waliwapinga Wanazi, walianza kuhama nchi hadi nchi, wakinyimwa vibali vya kudumu. Mwaka 1935, huko Vugiri, milimani karibu na Korogwe, ulianza mradi wa filamu wa BEKE, uliotengeneza filamu 35 hadi mwaka 1937, nyingi zikifundisha kilimo na afya. Watawala waliona katika sinema chombo cha mafunzo. Reiniger aliona pazia la mtambaji.

Vita vilimrudisha Berlin, na mwaka 1945 nakala asilia ya filamu ya Ahmed iliteketea humo. Alihamia London mwaka 1949, akatengeneza ngano fupi za televisheni, ikiwamo Sinderela nyingine mwaka 1954. Alifariki Dettenhausen, Ujerumani, tarehe 19 Juni 1981. Filamu ya Ahmed imefufuliwa kutokana na nakala iliyohifadhiwa London.