William Playfair na Michoro Iliyosema Lugha Zote

William Playfair alizaliwa mwaka wa 1759 huko Liff, karibu na mji wa Dundee, Uskoti. Babake, kasisi, alifariki mwaka wa 1772, na malezi yakawa mikononi mwa kakake, John, mwanahisabati aliyemzoeza kuonyesha vipimo vya joto la kila siku kwa mistari.

Akiwa kijana aliajiriwa Birmingham na James Watt, akichora mitambo. Mwaka wa 1786 alichapisha atlasi iliyoonyesha biashara ya Uingereza kwa mistari ya kupanda na kushuka. Kuhusu Uskoti alikuwa na takwimu za mwaka mmoja tu. Kwa kuwa mstari haukuwezekana, alichora pau zilizopangwa sambamba. Naam, mchoro huu ambao leo kila mwanafunzi wa hisabati anaujua ulizaliwa na upungufu wa data.

Atlasi hiyo ilimfikia Mfalme Louis wa 16 wa Ufaransa. Kwa masimulizi ya Playfair mwenyewe, mfalme alipendezwa kwa sababu michoro ile ilisema lugha zote. Kwa macho, hilo ni kweli. Hata hivyo, mchoro hauna budi kutajwa, na hapo ndipo kazi ya mfasiri inapoanza. Toleo la Kifaransa lilipotoka mwaka wa 1789, mbinu aliyoiita hesabu ya mistari ilitafsiriwa neno kwa neno, na maana haikupotea.

Tatizo lilikuja na mchoro mwingine. Mwaka wa 1801 Playfair aligawanya duara vipande kuonyesha maeneo ya Milki ya Uturuki yaliyokuwa Asia, Ulaya na Afrika. Hakulipa jina la chakula. Waliomfuata ndio waliolipeleka jikoni. Waingereza waliona pai, Wafaransa jibini ya camembert, Wajerumani keki, Wabrazili pitsa. Wajapani walitosheka na duara. Kwa hiyo mfasiri wa Kiswahili anayeandika chati pai ameazima meza ya Mwingereza, ilhali anayeandika mchoro wa duara amemkaribia zaidi Playfair, japo Waingereza ndio waliotupa istilahi nyingi za somo hili.

Playfair hakufaidika na uvumbuzi wake. Aliandamwa na madeni na kesi, baadhi yake za kujitakia, akafariki London mnamo Februari 1823, akiwa fukara.