Ohno, Mjapani aliyepiga vita mrundikano wa mali ghalani

Mwenye duka pale Munisagara, wilayani Kilosa, akiona gunia la sukari limebaki robo, huagiza jingine mjini. Haagizi mapema mno, maana mtaji ni mdogo. Hachelewi, maana mteja atahama. Kwa njia kama hiyo Mjapani Taiichi Ohno alijulikana dunia nzima.

Ohno alizaliwa mwaka 1912 Dalian, China, mji uliokuwa chini ya Japan. Mwaka 1932 aliajiriwa katika kiwanda cha nguo cha ukoo wa Toyoda. Huko alikuta mashine za kufuma zinazosimama zenyewe uzi ukikatika, hivyo nguo mbovu haiendelei. Mwaka 1943 akahamia kwenye magari, Toyota.

Mwaka 1950 kampuni hiyo ilikuwa taabani. Magari yalikosa wanunuzi, wafanyakazi wakapunguzwa, mgomo ukazuka, na mwanzilishi wake, Kiichiro Toyoda, akajiuzulu. Fedha zilikuwa zimelala ndani ya mali isiyouzika.

Ohno, mkuu wa karakana, akavutiwa na maduka makubwa ya Marekani, ambako rafu hujazwa kile tu alichochukua mteja. Akaleta utaratibu huo kiwandani. Kila sanduku la vipuri likawa na kadi, yaani kanban. Vipuri vikitumika, kadi hurudi nyuma kuagiza vingine. Bila kadi, hakuna kutengeneza. Mafundi waliozoea mashine moja walinung'unika alipowataka wasimamie kadhaa, na ilichukua miaka kama kumi utaratibu kuenea kampuni nzima. Mwaka 1975 alifikia umakamu mtendaji wa rais wa kampuni. Alifariki mwaka 1990.

Kadi zake baadaye ziliingia hata kwa watengeneza programu za kompyuta, ambao wengi walizoea kupanga kazi ya mwaka mzima kwa mkupuo. Mwaka 2001 wataalamu 17 walikutana Utah, Marekani, wakakubaliana kazi ifanywe kwa vipande na mteja aonyeshwe mapema.

Kundi linalofuata njia ya Scrum hujipangia kazi ya wiki moja hadi nne, kisha huonyesha kilichokamilika. Ni kama gulio, lina siku yake. Wa kanban ni kama duka: hubandika kadi ubaoni na kuweka kikomo cha kazi zilizoanzwa, moja ikiisha, nyingine huingia. Kwa matengenezo yanayozuka bila taarifa, kanban hufaa zaidi. Kwa kujenga kitu kipya, wengi huchagua Scrum.

Njia ya Ohno ina udhaifu wake, na si mdogo. Februari 1997 kiwanda cha Aisin, kilichoiuzia Toyota kifaa cha breki, kiliungua. Kwa kuwa akiba ilikuwa kidogo mno, viwanda vya Toyota nchini Japan vilisimama siku kadhaa. Munisagara nako wanalijua hilo kwa namna yao: mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yalipoharibu reli ya kati baina ya Kilosa na Gulwe, safari za treni zilikatika kwa miezi.