DOGO YATIMA ALIYEFUKIWA NA NYUMBA, AKAJA KUSOMA MWANGA WA NYOTA

Leo tuweke pembeni siasa na mpira kidogo. Nawaletea habari za jamaa mmoja aliyefariki zamani sana, mwaka 1826, ambaye jina lake wengi tunalipita tu kwenye vitabu vya fizikia bila kujua nyuma yake kuna nini. Anaitwa Joseph Fraunhofer. Mimi nimeishia fomu foo, sina digrii ya nyota wala ya kitu kingine chochote, lakini maisha ya huyu bwana nimeyasoma mpaka nikaona si haki kukaa nayo peke yangu. Kama umelipia nusu saa hapo kafe, itakutosha.

Kwanza jiulize swali hili. Wanasema Jua limejaa gesi ya haidrojeni, wanasema nyota fulani ina joto la digrii kadhaa. Wamejuaje? Nani kaenda? Hakuna aliyekwenda na hakuna atakayekwenda leo wala kesho. Wazee wetu waliangalia Kilimia kujua msimu wa kulima, na manahodha wa pwani walifuata nyota kujua njia baharini. Hiyo yote ni kujua nyota IKO WAPI. Lakini nyota NI NINI, hilo lilikuwa fumbo. Mlango wa fumbo hilo aliusukuma fundi wa vioo asiyekuwa na elimu ya maana ya darasani.

MAISHA YA SHIDA

Fraunhofer alizaliwa tarehe 6 Machi 1787 katika mji wa Straubing, Bavaria, ambayo leo ni sehemu ya Ujerumani. Alikuwa mtoto wa 11 wa fundi vioo. Mama akafariki, na haukupita muda mrefu baba naye akafuata. Dogo akabaki yatima akiwa na miaka 11 tu.

Mwaka 1799 walezi wakampeleka Munich kwa fundi mmoja wa kutengeneza vioo vya kujitazamia, akawe mwanagenzi. Kwa kuwa hakuna aliyeweza kumlipia ada ya kufundishwa, masharti yakawa kwamba atafanya kazi miaka sita bila mshahara. Miaka sita jamani! Halafu yule bosi hakutaka kumwona na kitabu. Kulikuwa na shule ya Jumapili kwa vijana wa kazi kama yeye, bosi akakataa asiende.

Tarehe 21 Julai 1801 nyumba ya yule fundi ikaporomoka. Mke wa fundi akafa palepale. Dogo akafukiwa chini ya kifusi, watu wakachimba masaa kadhaa hadi wakamtoa mzima. Mtawala wa Bavaria mwenyewe, Maximilian, ambaye mwaka 1806 alikuja kuwa mfalme, alifika pale kuangalia uokoaji. Akamhurumia yule mtoto, akampa sarafu 18 za dhahabu. Mtu mwingine aliyekuwepo ni mfanyabiashara na kiongozi wa serikali aliyeitwa Joseph von Utzschneider. Huyu akaanza kumletea vitabu vya hesabu na vya elimu ya mwanga.

Sasa wewe kijana wa miaka 14, yatima, umepewa dhahabu. Ungefanya nini? Sema ukweli! Yeye alinunua mashine ya kusugua vioo, na sehemu ya hela akaitumia kujikomboa kwenye muda uliobaki wa ule mkataba. Akajaribu na biashara ya kuchonga mabati ya kuchapia kadi za majina, ikabuma. Akarudi kuajiriwa kwa bosi yuleyule. Msidhani ilikuwa mteremko.

KAZI YA LENZI

Mwaka 1806, akiwa na miaka 19, Utzschneider akamchukua kwenye kampuni yake iliyotengeneza vifaa vya wapima ardhi na wachora ramani. Karakana ya vioo iliwekwa Benediktbeuern, kwenye majengo yaliyokuwa nyumba ya watawa, kusini ya Munich. Hapo dogo akaula. Alijifunza kuyeyusha kioo kutoka kwa mzee mmoja wa Uswisi, Pierre-Louis Guinand, na ilipofika 1809 akawa msimamizi wa kazi za lenzi.

Shida kubwa ya darubini za siku zile ilikuwa rangi. Mwanga mweupe ni mchanganyiko wa rangi zote za upinde wa mvua, na kioo kinapoupinda mwanga, kila rangi inapinda kwa kiasi chake. Matokeo yake ukiangalia nyota unaona kama imevaa kanga ya rangi pembeni. Dawa yake ni kuunganisha lenzi mbili za vioo vya aina tofauti, ili makosa ya kimoja yafutwe na cha pili. Lakini lazima ujue kila kioo kinapinda kila rangi kwa kiasi gani hasa. Na hapo ndipo penye utata, maana nyekundu inaishia wapi na rangi ya chungwa inaanzia wapi? Rangi zinaingiliana, hakuna mpaka wa kushika.

Fraunhofer alikuwa anatafuta alama ya kupimia, basi. Aligundua kwamba mwanga wa taa ukipita kwenye prizimu (kile kipande cha kioo chenye pembetatu) unaonyesha mstari mkali wa njano. Akataka kujua kama na mwanga wa Jua una mstari huo. Mwaka 1814 akaziba chumba, akaacha ufa mwembamba dirishani, mwanga wa Jua ukapita kwenye prizimu, naye akauangalia kwa darubini ndogo ya chombo cha wapima ardhi.

Badala ya mstari mmoja unaong'aa akakuta mistari MYEUSI. Mingi! Imekata rangi za upinde wa mvua kama ngazi. Mwingereza William Wollaston alishaona michache mwaka 1802, lakini hakuifuatilia. Fraunhofer alihesabu 574. Ile mikubwa akaipa herufi kuanzia A, na herufi zake zinatumika mpaka leo. Na pale ulipokuwa ule mstari wa njano wa taa, kwenye Jua palikuwa na mstari mweusi, akauita D.

KUTOKA JUA KWENDA NYOTA

Mtu mwingine angesema kioo kibovu, aendelee na kazi. Huyu bwana akabadilisha prizimu, mistari ikabaki palepale. Akaugeuzia mwezi na sayari ya Zuhura, akakuta mistari ileile ya Jua. Hiyo inaeleweka, maana Zuhura na mwezi hazina mwanga wao, zinaakisi wa Jua tu. Kisha akaugeuzia Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote usiku. Hapo akakuta kitu kingine kabisa: mistari mitatu mipana, mmoja kwenye kijani na miwili kwenye bluu.

Tulia hapo kidogo. Mwanga wa Sirius na wa Jua yote inapita kwenye hewa yetu hii hii. Kama mistari ingekuwa inaletwa na hewa tu, ingefanana. Haikufanana, kwa hiyo chanzo cha mingi kati yake kiko huko huko kwenye nyota. (Baadaye ilijulikana kwamba A na B ndiyo inatokana na oksijeni ya hewa yetu.) Akaangalia na nyota nyingine kama Betelgeuse, Capella na Procyon, akaona kuna zinazofanana na Jua na kuna zisizofanana. Kumbe nyota si moja! Kila moja ina alama zake kama alama za vidole.

Matokeo aliyachapisha mwaka 1817. Baadaye akaona prizimu haitoshi, akatengeneza kifaa cha kutawanya rangi kwa kutumia nyuzi nyembamba sana zilizopangwa sambamba. Kanuni yake ndiyo ileile inayofanya mgongo wa CD utoe rangi.

WASOMI WAKAMWEKEA NGUMU

Hapa ndipo paliponigusa. Akademia ya Sayansi ya Bavaria ilipotaka kumpa nafasi, baadhi ya wanachama walipinga. Sababu? Hakusoma chuo. Kwao alikuwa fundi, na kazi ya fundi ni kutengeneza vifaa vya wasomi. Alipewa uanachama wa hadhi ya chini kwanza, akapanda taratibu. Mwaka 1822 Chuo Kikuu cha Erlangen kikampa shahada ya udaktari ya heshima, na 1824 akapewa cheo cha heshima na mfalme.

Mwaka huohuo wa 1824 darubini yake yenye lenzi ya sentimita 24 ilifika Dorpat, mji ambao leo unaitwa Tartu, nchini Estonia. Ilikuwa na mtambo kama wa saa uliokuwa ukiizungusha polepole ili nyota isitoroke. Mnajimu Friedrich Struve aliitumia kuorodhesha nyota pacha zaidi ya 3,000 katika katalogi yake ya 1827.

Fraunhofer alifariki kwa kifua kikuu tarehe 7 Juni 1826 akiwa na miaka 39. Mwaka 1838, kwa kifaa kilichotoka kwenye karakana yake, Friedrich Bessel akatangaza umbali wa nyota iitwayo 61 Cygni. Watu wakajua kwa mara ya kwanza umbali wa kuaminika wa nyota isiyokuwa Jua. Leo tunajua ni miaka-nuru 11 na ushee, na mwaka-nuru mmoja ni karibu kilomita trilioni 9.5. Si mchezo.

JIBU LILIKUJA YEYE HAYUPO

Ile mistari myeusi ni nini basi? Fraunhofer alikufa bila kujua. Jibu lilikuja mwaka 1859, miaka 33 baada ya kifo chake, kutoka kwa Gustav Kirchhoff na Robert Bunsen. Kila elementi ikipashwa moto inatoa rangi zake maalum, na ikiwa mvuke mbele ya mwanga mkali zaidi, inazila rangi hizohizo. Mstari D ni sodiamu, ileile iliyomo kwenye chumvi. Umeshaona maji ya chumvi yakimwagikia jiko la gesi, moto wa bluu unageuka njano? Umeiona D hapo hapo jikoni kwenu.

Kwa hiyo kila mstari mweusi ni rangi iliyoliwa na kitu fulani kwenye nyota. Ile mitatu mipana ya Sirius ni haidrojeni. Na mwaka 1925 Cecilia Payne, kwa kusoma mistari ya namna hii, alionyesha kwamba nyota zimejaa haidrojeni kuliko kitu kingine chochote.

Hata bila kifaa unaweza kuanza. Umeme ukikatika mtaani kwenu mwezi wa pili, toka nje saa tatu usiku. Sirius iko karibu na utosi, nyeupe yenye bluu kidogo. Jirani yake Betelgeuse ina wekundu. Rangi hiyo ni joto: uso wa Betelgeuse ni kama digrii 3,300 za Selsiasi, wa Jua letu 5,500, wa Sirius kama 9,600. Ni kama chuma kwa mhunzi, kinaanza chekundu kabla hakijawa cheupe. Na ukiwa na CD ya zamani, igeuze mgongo chini ya taa ya mshumaa, halafu chini ya taa ya tyubu. Mimi nilitumia CD ya bongo fleva iliyokwaruzika: ya mshumaa rangi zinaungana, ya tyubu zinaachana vipande vipande. Ila usiangalie Jua kwa macho, wala kwa CD, utapofuka.

NINACHOTAKA KUSEMA

Najua kuna watakaosema ona, juhudi tu, cheti si kitu. Mimi sisemi hivyo. Bila sarafu zile 18 na vitabu vya Utzschneider, dogo angemaliza miaka yake sita bila kitabu mkononi. Tena ilibidi nyumba ianguke ndipo wakubwa wamwone. Vijana wangapi walikuwa kwenye karakana ambazo hazikuanguka? Wangapi wapo leo gereji na kwenye vijiwe vya kuchomelea, wana akili, na hakuna wa kuwapa hata kitabu?

La pili, huyu bwana hakujua maana ya alichokiona, lakini alikihesabu, akakipima, akakiandika kwa usafi kiasi kwamba waliokuja nyuma walianzia hapo. Hakujifanya anajua. Ninyi mnaosema bila jibu kamili hakuna kazi ya maana, fikirieni hiyo mistari 574.

Nawasilisha wadau. Wanafizikia mliopo humu, mwageni maoni hapo chini, na kama kuna mtu kajaribu ile ya CD atuambie kaona nini. Tuko pamoja.