Peter Cornelius: Kuta ziliteketea, karatasi zikabaki

KATIKA uwanda wa juu wa Ufipa, simulizi za utawala huanza na Ntatakwa, mtu wa kwanza aliyeshuka kutoka mbinguni na kuanzisha enzi ya Milanzi, jirani na mahali ulipo mji wa Sumbawanga leo. Hufuata kisa cha wanawake watatu wageni waliofika wakati mtawala hayupo. Mmoja wao alikikalia kigoda chake, na kwa kitendo hicho utawala ukahamia kwa ukoo wa Watwa, ambao baadaye uligawanyika kuwa Nkansi na Lyangalile. Kisa hicho kimedumu vinywani mwa watu, bila kuhitaji ukuta wala rangi.

Huko Ujerumani, mwanzoni mwa karne ya 19, Ludwig, mrithi wa ufalme wa Bavaria, alitaka visa vya namna hiyo vionekane kwa macho. Alikuwa akijenga mjini Munich jumba la kuhifadhia sanamu za kale, Glyptothek, na alitaka miungu na mashujaa wa Wagiriki wajae kwenye kuta na dari zake. Kazi hiyo alipewa Peter Cornelius.

Cornelius alizaliwa Düsseldorf mwaka 1783. Baba yake, naye mchoraji, alifariki dunia mwaka 1799, na kijana huyo akajikuta akisaidia kulisha familia kwa kalamu na brashi. Mwaka 1811 alikwenda Roma, akajiunga na vijana wa Kijerumani walioishi kama watawa na kuamini kwamba sanaa ilikuwa imepoteza roho yake. Wakafufua ufundi uliokuwa ukififia wa kupaka rangi juu ya chokaa mbichi. Picha zao za kisa cha Yusufu, walizozipaka mwaka 1816 na 1817 katika nyumba ya balozi mdogo wa Prussia, ndizo zilizolifikisha jina la Cornelius kwa Ludwig.

Ufundi huo hauna huruma. Chokaa ikishakauka, rangi haishiki tena. Hivyo fundi husiliba kipande kinachotosha kazi ya siku moja, na kosa husahihishwa kwa kubandua na kuanza upya. Kwa sababu hiyo kila uamuzi hufanywa mapema, juu ya karatasi kubwa yenye ukubwa uleule wa picha itakayokaa ukutani. Mchoraji huchora kwa mkaa, kisha mistari huhamishiwa kwenye chokaa. Waitalia waliziita karatasi hizo kwa jina ambalo ndilo asili ya neno letu katuni, ingawa Cornelius hakuwa na mzaha hata chembe.

Kwa miaka kadhaa alizigawa siku zake hivi: majira ya baridi alichora Düsseldorf, alikokuwa mkuu wa chuo cha sanaa, na majira ya joto alipaka rangi Munich pamoja na wasaidizi na wanafunzi wake. Ukumbi wa miungu ulikuwa na Olimpo, bahari ya Poseidon na kuzimu alikoshuka Orfeo. Ukumbi wa mashujaa uliishia na kuteketea kwa Troya. Kazi ilikamilika mwaka 1830.

Hata hivyo, wengi waliona kwamba nguvu ya Cornelius ilikuwa kwenye mkaa, si kwenye rangi. Yeye mwenyewe aliiona picha kuwa imekwisha pale wazo lilipokamilika karatasini, na mara nyingi aliwaachia wengine brashi. Ugomvi ulifika kilele katika kanisa la Ludwigskirche, alipopaka Hukumu ya Mwisho yenye urefu wa zaidi ya mita 18, kati ya mwaka 1836 na 1840. Ludwig, aliyekuwa mfalme tangu 1825, hakuridhika. Kwa maoni yake, mchoraji hana budi kujua kupaka rangi. Lilikuwa neno gumu kwa mtu aliyemtumikia kwa miaka 20, lakini mfalme hakukosea kabisa.

Mwaka 1841 Cornelius alihamia Berlin kwa mwaliko wa mfalme wa Prussia. Aliagizwa kuandaa picha za uwanja wa makaburi ya kifalme, akachora, miongoni mwa nyingine, wapanda farasi wanne wa Ufunuo. Mapinduzi ya mwaka 1848 yakausimamisha mradi. Aliendelea kuchora kwa ajili ya kuta ambazo hazikujengwa kamwe, hadi alipofariki dunia Machi 6, 1867, akiwa na umri wa miaka 83.

Jumba la Taifa la sanaa la Berlin lilipofunguliwa mwaka 1876, kumbi mbili kubwa zilitengwa kwa ajili ya karatasi zake za mkaa. Baadaye ladha ya watu ikabadilika, zikaondolewa na kuwekwa ghalani. Munich nako, mabomu ya Vita Kuu ya Pili yaliipiga Glyptothek, na picha za miungu na za Troya zikaharibiwa. Jumba lilipofunguliwa tena mwaka 1972, kuta zake ziliachwa matofali matupu. Anayetaka kuiona Troya ya Cornelius leo hana budi kuitafuta katika michoro ya mkaa.